Mbwa wangu hakumuuma mtu. Kosa ni langu?

*Mwalimu, shikamoo. Mimi ni Mtaita wa Voi, naishi Surrey, Uingereza, huu mwaka wa sita. Tuna mbwa, spanieli wa miaka miwili, watoto walimpa jina Simba. Jumapili iliyopita nilikuwa naye msituni kwenye njia ya farasi, hana kamba, kama kawaida yake. Kwenye kona akatokea mama mmoja juu ya farasi mkubwa, wanakuja mbio. Simba akawakimbilia, akawa anazunguka miguu ya farasi huku akibweka kwa furaha. Farasi akaruka kando, yule mama akaanguka. Hakuvunjika, ila bega linamuuma, na alinitukana mbele ya watoto. Mume wangu anasema farasi anayeogopa kijibwa hafai kutolewa bandani. Simba hajamuuma mtu tangu azaliwe. Je, kosa ni langu? Sheria inasemaje? Na tufanyeje ili tuendelee kutembea pale, maana ndiyo njia iliyo karibu na nyumba? Halafu, nimtafute yule mama nimwombe radhi, au niache yapite?*

Marahaba, dada. Poleni nyote, na pole zaidi imfikie aliyeanguka. Nianze na swali lako la kwanza nisije nikaonekana nalikwepa: sehemu kubwa ya kosa ni yako. Si yote. Yule mama naye ana fungu lake, nitalifikia. Lakini shemeji amekosea kabisa, na kosa lake nakutana nalo kila wiki kwa wanafunzi wangu wa kupanda farasi, kwa hiyo niruhusu nikae hapo kidogo.

Umeandika kwamba Simba alibweka "kwa furaha". Unajua hivyo kwa sababu unamjua Simba. Unajua mkia wake unavyokaa, unajua sauti yake ya kucheza na ile ya kumfokea mleta barua. Farasi hajui lolote kati ya hayo. Anachojua ni kwamba kitu kifupi chenye meno kimechomoka majanini kwa kasi na sasa kiko miguuni pake. Farasi ni mnyama wa kuwindwa. Kinga yake tangu zamani ni mbio, na teke pale mbio zinaposhindikana. Unaweza kumfundisha miaka kumi na mitano, akapita kando ya matrekta na ngoma za harusi bila kupepesa, na bado siku moja mfuko wa plastiki ukamrusha. Kwa hiyo kusema farasi anayeshtuka asitoke bandani ni kusema farasi wote wasitoke.

Kuna jambo la macho pia. Macho ya farasi yako pembeni mwa kichwa, kwa hiyo anaona karibu duara zima, kama nyuzi 350 kati ya 360. Zile chache asizoziona ziko mahali pabaya: mbele kabisa ya paji la uso, chini ya pua, na nyuma ya mkia. Mbwa anayezunguka miguuni anaingia na kutoka humo. Yupo, hayupo, katokea upande wa pili. Afadhali mbwa anayemjia mbele waziwazi. Ndiyo maana mbwa wa kuchunga kondoo, ambaye asili yake inamtuma kushika visigino, mimi namhofia kuliko yale majibwa meusi yanayowakimbiza watu. Spanieli wako si mchungaji, lakini fikiria alizalishwa kwa kazi gani: kuingia kichakani na kufurusha ndege. Kuchomoka ghafla majanini ndiyo kazi aliyozaliwa nayo, maskini, na aliifanya vizuri.

Na katika kisa chako aliyeponea chupuchupu zaidi ni yeye. Farasi wa kupanda ana kilo 500 hivi, na kwato zake mara nyingi zimepigiliwa chuma. Nimewahi kumbeba mbwa aliyepigwa teke moja tu la taya. Sitaeleza zaidi, maana umesema watoto wanampenda.

Sasa sheria. Surrey iko England, kwa hiyo nazungumzia sheria ya England. Scotland wana yao. Njia mnayotembea ina vibao vyenye mshale wa buluu, nina hakika. Buluu maana yake ni njia ya farasi: mwenda kwa miguu ana haki, mpanda farasi ana haki, na tangu sheria ya mashambani ya mwaka 1968 mwendesha baiskeli ana haki pia, ila yeye ametakiwa awapishe wengine wote wawili. Mshale wa manjano ni njia ya miguu tu, mpanda farasi hana haki ya kupita humo. Kwa hiyo chukua ramani ya Ordnance Survey, shirika la ramani la serikali, ya eneo lenu uitazame vizuri kabla ya kusema hamna njia nyingine. Mara nyingi kuna ya manjano inayochepuka hatua chache tu kutoka ile ya buluu, na siku ambazo huna nguvu za kumsimamia Simba utaishukuru.

Hakuna sheria moja ya England nzima inayosema kila mbwa kwenye njia ya farasi lazima afungwe kamba. Wengi wakisikia hivyo wanatulia, na hapo ndipo wanapojidanganya. Kitabu cha kanuni za barabarani, Highway Code, kanuni ya 56, kinakuambia umshike mbwa kwa kamba fupi unapokuwa kwenye njia inayotumiwa pia na baiskeli au farasi. Kuivunja kanuni hiyo peke yake si jinai, lakini mambo yakifika mahakamani inaweza kutajwa dhidi yako. Halmashauri nayo ina uwezo, chini ya sheria ya mwaka 2014, kutoa amri kwamba eneo fulani mbwa wote wawe na kamba. Ukiikiuka unaweza kupewa faini ya papo hapo, na ukipelekwa mahakamani faini ya hadi pauni 1,000. Amri hizo hubandikwa kwenye mlango wa msitu, kwenye karatasi ambayo hakuna anayeisoma. Nenda kaisome.

Ile yenye meno hasa ni sheria ya mbwa hatari ya mwaka 1991. Watu hudhani inahusu aina chache tu zilizopigwa marufuku, pitbull na wenzake. Sivyo. Kifungu chake cha tatu kinahusu mbwa wa aina yoyote, hata Simba, na hakisubiri aume. Inatosha mbwa awe hadhibitiki kiasi cha kumpa mtu sababu ya msingi ya kuhofu kwamba ataumizwa. Mtu aliye juu ya farasi anayeruka kwa sababu ya mbwa ana sababu hiyo. Mtu akiumia kweli, kosa linakuwa zito zaidi, na kifungo kinaweza kufika miaka mitano. Sikutishi. Sisemi polisi watakuja kugonga mlango wenu kwa ajili ya bega lililochubuka. Nasema lile neno "hajamuuma mtu" halikukingi kama unavyodhani.

Mbali na jinai kuna madai ya fidia. Aliyeanguka anaweza kudai gharama zake, iwe kwa uzembe wa kawaida au kwa sheria ya wanyama ya mwaka 1971. Angalia kama bima yenu ya nyumba au ya mbwa ina kipengele cha madhara kwa watu wengine. Nyingi zinacho na wenye nazo hawajui. Kama kipo, wapigie simu leo, kabla hujaandika barua yoyote ya kukiri lolote, maana kampuni za bima ni wepesi wa kukasirikia barua.

Fungu la yule mama ni hili. Kwenye kona usiyoona ng'ambo yake, mpanda farasi anatakiwa aende hatua, yaani mwendo wa kutembea. Si matiti, ile mbio ya taratibu, na wala si shoti, mbio kamili. Mimi mwanafunzi wangu akikata kona kama hiyo mbio, anashuka na kumwongoza farasi kwa miguu hadi nyumbani. Angekuja polepole ungesikia kwato, ungemwita Simba, na leo tungekuwa tunaandikiana mambo mengine. Matusi msamehe. Mtu aliyetoka kudondoka kutoka mita mbili na zaidi hachagui maneno.

Basi mkikutana tena mfanyeje? Jambo linaloamua ni dakika moja kabla ya kukutana. Kila mbele panapofichika, iwe kona, kilima kidogo au vichaka vilivyobana njia, Simba awe kwenye kamba kabla hamjafika, farasi awepo asiwepo. Panapofunguka mkaona mita mia mbili mbele, mwachie kama eneo linaruhusu. Hiyo kanuni ya 56 ni kali kuliko ninavyosema hapa, najua, na ukiifuata neno kwa neno hakuna atakayekulaumu. Lakini nimeona watu wakiambiwa "kamba daima" wanavumilia wiki mbili kisha wanaacha kabisa. Afadhali mtu ajue ni wapi hasa kamba haina mjadala.

Kamba yenyewe iwe fupi na ya kawaida. Ile ya kujivuta kutoka kwenye kisanduku cha plastiki iache nyumbani. Uzi wake ni mwembamba, farasi hauoni, mbwa akizunguka mara moja umeshajifunga kwenye mguu wa mnyama wa nusu tani, na mwisho wa pili umeushika wewe.

Ukimwona farasi, toka njiani usimame upande mmoja, wewe na watoto na mbwa, wote upande huohuo. Hili watu hulikosea sana: baba anasimama kulia, mama kushoto, mbwa katikati ya majani, wakidhani wamempisha. Farasi hapendi kupenya katikati ya watu wawili. Mbwa awe upande wako wa mbali, wewe uwe ukuta kati yake na farasi. Usijifiche nyuma ya mti kwa adabu. Anayejificha kando ya njia, kwa akili ya farasi, anawinda. Simama wazi na useme neno, lolote lile. "Habari za asubuhi" inatosha, hata kwa Kitaita, kwa sababu sauti ya mtu inamwambia farasi kwamba lile umbo la ajabu lenye miguu minane ni familia tu. Wakishapita, usimwachie mbwa mara moja. Mbwa anayefunguliwa huku mkia wa farasi bado unaonekana anaufuata. Ngoja wapotee.

Ukiwakuta kwa nyuma, ita kwanza kutoka mbali. Farasi mwenyewe atakuwa amekusikia zamani, angalia masikio yake yanavyogeuka. Unamwitia mpandaji.

Kisha kuna kazi ya nyumbani. Utaniambia Simba anaitika akiitwa. Anaitika jikoni, na pengine bustanini. Kamba hukatikia pabovu, na kuitika kwa mbwa hukatikia pale pale pabovu: palipo na kitu kitamu kuliko wewe. Hujawahi kumjaribu mbele ya farasi, kwa hiyo kwa habari ya farasi bado hajui kuitika, basi. Tafuta banda la farasi la jirani, waombe ruhusa usimame nje ya uzio. Mvalishe Simba mkanda wa kifuani, si wa shingoni, na kamba ndefu ya mita kumi. Anza mbali, mita mia moja ikibidi, mahali ambapo anawaona farasi lakini bado anasikia jina lake. Akiwatazama kisha akakugeukia, mpe kipande cha kuku. Sio biskuti, kuku. Dakika kumi, mwende nyumbani. Kesho kutwa rudini, sogea hatua chache. Akikaza mwili, akafunga mdomo, akaganda anatazama, umesogea mno. Rudi nyuma bila ugomvi. Kwa spanieli mwenye akili hesabu wiki, si siku. Na usimpeleke wanusane pua kwa pua ati wazoeane. Unataka farasi wawe kwake kama miti, kitu kilichopo na kisichomhusu. Ukiwafanya marafiki zake, atawakimbilia kuwasalimia. Wahenga walisema mchezea mbwa huingia naye msikitini.

Siku akikuponyoka tena, kwa sababu siku hiyo huja, usimkimbize ukipiga kelele. Kwake hiyo ni mbio ya pamoja, na kwa farasi sasa wanakuja wawili. Simama, mwite mara moja kwa sauti ya kawaida, kisha geuka ukimbie upande mwingine, au piga filimbi kama umemfundisha. Mbwa wengi huacha wanachofukuza pale wanapoona wanaachwa.

Naona nina wasomaji walio juu ya tandiko pia, kwa hiyo neno kwao. Nilianza kazi hii nikiwa saisi, yaani mtunza farasi, Karen, Nairobi. Alfajiri tulikuwa tunawatoa farasi kunyoosha miguu kwenye zile barabara zenye mageti, na kila geti lilikuwa na mbwa wake. Wiki yangu ya pili mmoja alipenya chini ya uzio akaja. Nikafanya ambacho kila mgeni hufanya: nikampiga farasi visigino tukatoka shoti. Mbwa aliyekuwa anabweka tu akawa anafukuza. Tuliishia kwenye mtaro, farasi kachubuka goti, mimi nimepoteza hatamu na heshima. Saisi mkubwa alinionyesha siku iliyofuata: simamisha, geuza farasi amtazame mbwa kama nafasi ipo, mwambie mbwa arudi kwao kwa sauti nzito. Mbwa wengi wanaofukuza kinachokimbia hawajui wafanye nini na kitu kikubwa kilichosimama kikiwatazama. Akishasita, ondoka kwa hatua, ukimwacha kwenye jicho la farasi. Kushuka ni uamuzi wako. Mimi hushuka mapema, kabla farasi hajaanza kucheza, au sishuki kabisa.

Na wapandaji, shukuruni. Mtu aliyesimama kwenye matope na watoto wawili na mbwa ili upite anastahili mkono wa asante. Tukio likitokea, ripotini. Chama cha farasi cha Uingereza, British Horse Society, kina programu ya simu kwa kazi hiyo iitwayo Horse i. Farasi akiumwa na mbwa, hata tundu dogo la jino, mwite daktari wa mifugo na uangalie tarehe ya chanjo yake ya pepopunda. Farasi ni dhaifu mno kwa pepopunda, na jino linaingia ndani kuliko kidonda kinavyoonyesha.

Wanaonisoma kutoka Kenya na Tanzania, kwenu kuna jambo ambalo msomaji wetu wa Surrey hana sababu ya kulihofia: kichaa cha mbwa. Huko ukiumwa, au farasi akiumwa, mambo ya nani mwenye kosa yanasubiri. Mtu aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 kamili kisha aende hospitali siku hiyohiyo kwa chanjo, hata kama jeraha ni mkwaruzo. Farasi naye anaweza kuambukizwa, kwa hiyo daktari wa mifugo aambiwe haraka, na mbwa atafutwe ajulikane kama amechanjwa.

Kitu kimoja kidogo, dada, kwa sababu najua spanieli wanavyopenda uchafu. Mzuie Simba kula mavi ya farasi njiani. Farasi hupewa dawa ya minyoo, na baadhi ya dawa hizo, kama ivermektini, hutoka na mavi zikiwa bado na nguvu. Mbwa wa jamii ya koli, wale wa kuchunga kondoo, ndio wanaodhurika hasa, wengine wao wana hitilafu ya kurithi inayoifanya dawa ipenye hadi kwenye ubongo. Simba hayumo katika ukoo huo, lakini mbwa wa jirani anaweza kuwemo.

Kuhusu yule mama: ndiyo, mtafute. Ukishaongea na watu wa bima, uliza kwenye mabanda ya karibu. Mtu aliyeanguka hajifichi, wote watakuwa wamesikia. Nenda bila Simba. Uliza bega, kisha uliza farasi, na hilo la pili ndilo litakalomlainisha. Farasi hukumbuka mahali kuliko tukio. Kuna uwezekano mkubwa kwamba sasa anakataa kupita ile kona, na yule mama anapigana naye kila asubuhi. Mwambie uko tayari kusimama pale na Simba akiwa kwenye kamba, mita hamsini nje ya njia, siku tatu nne, ili farasi apite, amtazame, na lisitokee lolote. Akikubali, siku ya kwanza mbebee Simba kuku wa kutosha, na watoto waache nyumbani.